Alichokiona Faradji Mwosha

Jumatano, tarehe 14 Machi 1956, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Askari wawili waliweka machela chini, kando ya ukuta wa msikiti wa mtaa wa Waswahili, mjini Gisenyi. Juu ya machela kulikuwa na blanketi la kijivu. Chini ya blanketi kulikuwa na mtu. Askari mmoja alishika karatasi ya daktari akaisoma kwa sauti: Kadiri, dereva, miaka thelathini na mmoja, amekufa kwa malaria. Kisha wakaomba warudishiwe blanketi. Walisema ni mali ya kituo cha polisi.

Wasikilizaji wapendwa, kumbukumbu yetu ya leo ni ya mtu aliyeipokea machela ile. Jina lake Faradji. Alikuwa fundi cherehani, na alikuwa mwosha maiti. Yashikeni hayo mawili, fundi cherehani na mwosha maiti, kwa sababu yote nitakayowasimulia yanatoka hapo.

Faradji alizaliwa Gisenyi. Babu yake alikuja na misafara ya biashara kutoka Ujiji, akaoa huku, akabaki. Baba yake alishona kanzu na aliosha maiti. Faradji alirithi cherehani na alirithi kazi ya kuosha. Alianza kuosha mwaka 1941, na kufikia asubuhi ile alikuwa ameosha watu mia na zaidi: wafanyabiashara, wapiga makasia, wazee, na watoto wengi mno.

Kazi hiyo ina kanuni moja ambayo kila mwosha hufundishwa kabla hajagusa maji. Ukiona kwa maiti jambo la kumwaibisha, lifiche. Kama alikuwa na kilema alichokificha maisha yake yote, hukukiona. Kama uso wake umebadilika, hukuuona. Mtaani kanuni hiyo ilifupishwa ikawa maneno mawili: mwosha hasemi. Faradji aliyaamini. Aliyaamini hata mkewe hakumuuliza kitu akirudi nyumbani.

Sasa turudi nyuma siku mbili.

Jumatatu, tarehe 12 Machi, saa tisa alasiri, Kadiri alikuwa anateremka na lori la viazi kutoka Kanama kuja Gisenyi. Kwenye kona moja kali alikutana na gari dogo lililokuwa linapanda. Gari hilo lilikuwa la mlowezi mmoja, Mzungu mwenye shamba la pareto. Magari yaligongana. Hakuna aliyeumia. Lori liliingia mtaroni kwa magurudumu ya kuume, magunia manne ya viazi yakamwagika.

Juu ya kona ile palikuwa na shamba la maharage. Mwanamke mmoja, Nyirahabimana, alikuwa analima. Aliona yote. Baadaye alieleza kwamba lori lilikuwa upande wake, wa kuume, na gari dogo lilikata kona likaja upande wa lori.

Polisi walifika na mkubwa wao, Mzungu. Mkubwa aliongea na mlowezi kwa Kifaransa, akaandika. Akafunga daftari. Hapo Kadiri akasema kwa Kiswahili, "Andika na yangu, bwana." Mkubwa alielekea garini. Kadiri akasema tena, "Bwana, ya huyu umeandika. Andika na yangu." Mara ya tatu alisema akiwa ameshika mlango wa gari la polisi, ili lisiondoke. Nyirahabimana alisikia mara zote tatu. Kadiri alikamatwa kwa kosa la kukosa heshima. Akapelekwa kituoni.

Alikaa kituoni saa thelathini na nane. Siku ya Jumanne mkewe, Mukamurenzi, alipeleka chakula mara mbili. Mara zote mbili alirudishwa nacho.

Asubuhi ya Jumatano machela ikafika msikitini.

Kuosha hufanywa na watu watatu. Wa kwanza alikuwa Faradji. Wa pili alikuwa Nzeyimana, mmwaga maji, mtu wa utani mwingi aliyeuza vitambaa sokoni. Wa tatu alikuwa Mbonigaba, mdogo wake Kadiri, kwa sababu ndugu wa marehemu ana haki ya kuwapo. Waliingiza mwili kwenye chumba cha nyuma ya msikiti, wakafunga mlango. Faradji alianza na uso. Kisha akaugeuza mwili kidogo, akauinua upande wa kushoto ili aone mgongo. Akaurudisha haraka, akavuta shuka la kumfunika mpaka shingoni.

"Mbonigaba," alisema, "nenda ulete maji."

"Maji iko, fundi. Ndoo tatu."

"Leta ingine."

"Fundi, huyu ni kaka yangu."

"Ndiyo sababu. Toka."

Mbonigaba alitoka. Aliporudi na ndoo ya nne mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Aligonga, hakufunguliwa. Alikaa chini na ndoo yake mpaka wale wawili walipotoka na mwili umeshavikwa sanda. Miaka mingi baadaye Mbonigaba alisema: "Alinitoa kwa huruma. Mi ninakubali ilikuwa huruma. Lakini siku ile watu wawili tu walijua kaka yangu alikufa namna gani, na wote wawili hawakusema."

Wasikilizaji wapendwa, yaliyoonekana ndani ya chumba kile tunayajua leo, na nitayasema, kwa sababu yalikuja kuandikwa. Faradji alikuwa fundi, na jicho la fundi hupima bila kuambiwa. Mgongoni na mapajani mlikuwa na alama kumi na saba za kiboko. Mbavu mbili za upande wa kushoto zilikuwa zimebonyea. Vifundo vyote viwili vya mikono vilikuwa na alama ya kamba. Nzeyimana alipoona, mkono wake ulisimama na kata ya maji hewani. Faradji alimwambia neno moja tu: "Mwaga."

Nani alimpiga Kadiri? Hatujui. Askari wa kituo walikuwa weusi kama yeye, mkubwa wao alikuwa Mzungu. Nani aliamuru, nani alishika kiboko, nani alisimama mlangoni, hayo hayakupata kuthibitishwa. Hatutasema tusichokijua.

Kadiri alizikwa saa nne asubuhi. Kabla ya adhuhuri maduka yote ya mtaa wa Waswahili yalikuwa yamefungwa. Madereva wa malori waliegesha magari yao barabarani, wakakaa chini ya magurudumu. Wavuvi na wauza samaki, Wakristo wengi wao, hawakuwa na undugu na Kadiri, lakini kwa siku tatu hawakupeleka samaki kwenye nyumba za Wazungu kando ya ziwa. Kila mtu alikuwa ameshasikia habari ya karatasi. Wengi walikuwa wamemwona Kadiri akiwa mzima Jumatatu.

Barazani kwa Faradji watu walijaa kuliko siku ya sikukuu. Hawakuja kushona.

"Donc, kwa hivyo, ni malaria," alisema dereva mmoja.

"Malaria, ndiyo. Mbu ya kituo inavaa viatu," akajibu Nzeyimana.

"Na kofia."

"Kofia iko na namba."

Walicheka, kisha wakamtazama Faradji. Nzeyimana naye alimtazama. Faradji alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano.

"Fundi, we ndiye uliosha," alisema mwingine. "Sisi hatukuulizi mengi. Tikisa kichwa tu."

Faradji hakutikisa kichwa. Alikanyaga cherehani. Ilikuwa na kelele nyingi, na watu wakaelewa kwamba amejibu.

Kabla mwezi haujaisha Nzeyimana alifunga vitambaa vyake akahamia Bukavu. Hakuaga. Akabaki Faradji peke yake.

Mukamurenzi, mke wa Kadiri, hakuwa mtu wa barazani. Alikuwa na watoto wawili, na mlangoni kwake aliuza makaa. Alimtafuta karani mmoja aliyejua Kifaransa, akamwandikisha barua kwenda kwa wenye sheria. Barua ilikuwa fupi. Ilisema: mume wangu aliingia kituoni mzima, alitoka amekufa, naomba mtu aulize. Mtaani walimcheka kwa upole. Waliamini barua ya muuza makaa itatumika kuwashia jiko.

Barua ilijibiwa. Jumanne, tarehe 10 Aprili 1956, mwanasheria wa serikali alifika Gisenyi na gari lake, na mkalimani, na makaratasi. Alikuwa Mzungu, kijana bado. Aliweka meza kwenye veranda ya ofisi na akasema atamsikiliza yeyote.

Siku mbili kabla ya hapo, Jumapili baada ya sala ya alasiri, wazee watatu wa mtaa walikwenda nyumbani kwa Faradji. Nyiraneza, bintiye, alikuwa na miaka kumi na miwili. Aliwapelekea chai, akabaki nyuma ya pazia. Leo Nyiraneza ni bibi, na anayakumbuka maneno yao.

"Fundi, kesho kutwa utaitwa."

"Najua."

"Ukisema uliona kitu, watafungua kaburi. Maiti ya Muislamu itatolewa udongoni, itawekwa mbele ya daktari. Unataka ile?"

"Sitaki."

"Bon, vizuri. Na sisi hapa ni wageni tangu babu zetu. Mutu anakaa Gisenyi kwa karatasi. Karatasi inatoka pale pale kwenye ofisi. Unafikiri na hiyo."

"Nimefikiri."

"Basi mwosha hasemi."

"Mwosha hasemi," Faradji alikubali.

Nyiraneza anasema: "Mutu asifikiri walimulazimisha baba. Walikunywa chai. Waliongea pole pole. Baba alikuwa anakubali kabla hawajamaliza."

Mukamurenzi naye alikwenda, Jumatatu asubuhi. Hakuketi. "Baba Nyiraneza," alisema, "mi siombi mengi. Ulichoona, sema."

"Mama, unajua kazi yetu. Mwosha hasemi."

Mukamurenzi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei, akaondoka.

Sasa sikilizeni siku yenyewe, tarehe 10 Aprili. Shahidi wa kwanza alikuwa Nyirahabimana, yule mkulima wa Kanama. Hakuna aliyemwita. Alisikia habari kwenye gulio, akateremka kwa miguu, mwendo wa saa nne, na fimbo, kwa sababu goti lake lilikuwa bovu. Alizungumza Kinyarwanda na Kiswahili cha kuchanganya. Mkubwa wa polisi alikuwapo, akasema huyu ni mwanamke wa shamba, hajui magari. Mkalimani akamfasiria.

"Ni kweli," alijibu Nyirahabimana. "Gari mi sijue. Lakini kuume na kushoto ninajua. Lori ilikuwa kuume yake. Na ule dereva aliomba aandikwe, mara tatu. Mi nilihesabu."

Mwanasheria aliandika. Akamshukuru. Kisha akamweleza kila mtu aliyekuwa pale jambo moja, na mkalimani akalisema kwa Kiswahili mara mbili ili lisipotee. Habari ya magari haikutosha. Karatasi ya daktari ilisema malaria. Ili karatasi ile ipingwe, alihitaji mtu mmoja, mmoja tu, aliyeuona mwili, aseme kwa kiapo kwamba uliumizwa. Akimpata, ataagiza daktari wa mbali, asiyefanya kazi na kituo, auchunguze mwili. Asipompata, faili litafungwa.

Faradji aliitwa. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi. Alikuwa amevaa kanzu safi.

Mwanasheria aliuliza: "Wewe ndiye uliyemwosha Kadiri?"

"Ni mimi."

"Uliona nini kwenye mwili wake?"

"Nilimwosha kama ninavyoosha wengine. Mwosha hasemi alichokiona."

Mkalimani alifasiri. Mwanasheria akauliza tena, polepole, kwa maneno mengine. Faradji akajibu kwa maneno yale yale. Mkalimani alikuwa mtu wa pande hizi. Aliinama kama anayeokota kalamu, akamwambia kwa sauti ndogo: "Fundi, huyu muzungu leo anasikia. Kesho ataenda."

Faradji alinyamaza. Mwanasheria alimngoja. Uani walikuwa watu wapatao mia mbili, madereva, mafundi, wauza samaki. Mia mbili wale walijua. Walijua kwa kukisia, naye alijua kwa kuona. Hakuna aliyemwambia sema. Mukamurenzi alikuwa amesimama karibu na nguzo. Nyirahabimana alikuwa amekaa kwenye ngazi, anasugua goti lake.

Saa tano kamili faili lilifungwa.

Wasikilizaji wapendwa, narudia ili tuelewane. Mwanamke wa imani nyingine, asiyemjua Kadiri, alitembea saa nne kusema alichokiona. Mtu aliyemshika Kadiri kwa mikono yake alitoka mtaa wa pili, hakusema. Na mtaa mzima ulirudi nyumbani umetulia.

Umetulia kweli. Ijumaa ile, tarehe 13 Aprili, Faradji alishukuriwa msikitini kwa kulinda heshima ya maiti. Watu walimshika mkono. Wateja wake waliongezeka. Wiki mbili baadaye hata kituo kilimpelekea kitambaa cha kaki, ashone kaptula kumi na moja za askari. Alizishona. Nyiraneza alikumbuka idadi kwa sababu yeye ndiye aliyetia vifungo.

Kilichofuata hakikuonekana haraka. Nyiraneza anasema: "Baba alianza kuharibu vipimo. Anapima mukono, sawa. Anapima kifua, sawa. Akifika mugongoni, anasimama, anaanza tena. Wateja walikuwa wanachoka. Siku moja mwalimu mumoja alimuambia: fundi, mugongo yangu iko na shida gani? Baba aliacha futi, akaingia ndani." Kufikia mwisho wa mwaka 1957 Faradji hakushona tena koti. Alishona mito, mapazia na nguo za watoto.

Aprili 1958, mwisho wa Ramadhani, alishona magauni mawili ya watoto wa Kadiri, akayapeleka mwenyewe. Mukamurenzi alikuwa anapanga makaa. Aliyatazama magauni, hakuyapokea. Maongezi yao tumeyapata kwa Nyiraneza, ambaye baba yake alimsimulia siku ile ile.

"Baba Nyiraneza, mi nina swali moja. Miaka mbili ninaibeba."

"Uliza, Mama."

"Wanasema mwosha anafunika haya ya maiti. Ni vile?"

"Ni vile."

"Kadiri alikuwa na haya gani?"

Faradji alianza kuyakunja magauni.

"Alipigwa," alisema Mukamurenzi. "Kupigwa si haya ya aliyepigwa. Donc ulifunika nani?"

Faradji alirudi nyumbani na magauni mkononi. Alimwambia bintiye maneno ambayo Nyiraneza ameyarudia kwetu kama yalivyo: "Kanuni ninaijua tangu ujana. Inasema ficha cha kumuaibisha maiti. Haisemi ficha cha kumuaibisha askari. Ile nusu niliongeza mimi mwenyewe, kwa woga, nikaiita dini."

Jumatatu, tarehe 9 Juni 1958, Faradji alikwenda ofisini bila kuitwa. Karani alifungua sanduku, akafungua daftari, akamtazama.

"Kadiri dereva? Fundi, faili imefungwa miaka mbili."

"Andika."

"Hii haitafika popote."

"Andika tu. Na weka karatasi ya kaboni, nipate nakala."

Karani aliandika. Alama kumi na saba. Mbavu mbili. Kamba kwenye vifundo vyote viwili. Faradji aliongeza sentensi moja, na karani alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Sentensi inasema: "Niliulizwa haya tarehe 10 Aprili 1956 nikakataa kujibu, na hakuna aliyenilazimisha kukataa." Akaweka sahihi. Muhuri ukapigwa. Nakala ile ipo. Familia imetuonyesha.

Jibu lilikuja mwisho wa Julai, mistari mitatu: kwa sababu ya muda uliopita, hakuna la kufanya.

Nakala aliipeleka kwanza kwa Mukamurenzi. Alimsomea akiwa amesimama nje. Alipofika kwenye hesabu ya alama, Mukamurenzi alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaingia ndani akafunga mlango. Siku ya tatu aliirudisha kwa mkono wa jirani.

Kisha Faradji alipanda Kanama kwa miguu kumtafuta Nyirahabimana. Alitaka ajue kwamba yale yamesemwa. Nyirahabimana alimpa kigoda na maji, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mi nilitembea na goti mbovu," alisema. "We ulikuwa unatoka pale tu."

"Ni kweli."

"Kunywa maji. Kuna jua."

Mtaani hawakumpokea vizuri zaidi. Wale waliomshukuru sasa walimcheka. Walisema fundi amemaliza gauni la harusi siku ya talaka. Wengine waliogopa kwa ajili ya karatasi zao za kukaa mjini, wakaacha kumpelekea kazi. Hakuna karatasi ya mtu iliyochukuliwa. Hilo nalo tumelithibitisha.

Mbonigaba, yule mdogo wake Kadiri aliyetolewa nje na ndoo ya maji, hakuwa amemsalimu Faradji tangu mwaka 1956. Septemba 1958 Faradji alimfuata kwenye karakana ya magari alikokuwa anafanya kazi, akamwambia anataka kumfundisha kuosha.

"Unifundishe nini?" aliuliza Mbonigaba. "Kunyamaza?"

"Kuosha. Kunyamaza nilikufundisha siku ile."

Mbonigaba aliendelea na kazi yake wiki mbili. Kisha akaenda. Alifundishwa maji, karafuu maiti, mikunjo ya sanda. Alifundishwa kanuni, safari hii nzima: cha maiti kifiche, cha aliyemtenda kiseme. Na alifundishwa jambo ambalo halikuwapo kabla, kwamba ndugu wa marehemu asitolewe chumbani.

Waswahili husema mwosha huoshwa. Faradji alianza kukohoa mwezi wa Januari 1959. Alifariki Alhamisi, tarehe 5 Machi 1959, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa kifua. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Alikuwa ameacha wosia wa mambo mawili: Mbonigaba amwoshe, na Mbonigaba aseme.

Wasikilizaji wapendwa, kabla sijafika mwisho, nina pole za kutoa. Kwa Bibi Nyiraneza na wajukuu wa Faradji, pole. Mlikubali tusimulie na yale ambayo familia nyingine zingeyaficha. Kwa wajukuu wa Kadiri na Mukamurenzi, pole, na pole hii imechelewa. Kwa familia ya Nyirahabimana kule Kanama, ambaye jina lake halikutajwa msikitini siku Faradji aliposhukuriwa, pole na asante.

Nawaomba pia mkae na swali. Si swali la mkubwa wa kituo wala la mlowezi, hao hatukuwachagua. Ni la watu mia mbili waliosimama uani saa tano kasoro dakika kumi. Walikuwa wamefunga maduka, walikuwa wamekaa chini ya malori, walikuwa wametunga utani mzuri kuhusu mbu. Walipopatikana masikio ya kusikiliza, walimwachia mtu mmoja kazi ya kusema, na aliponyamaza walimshika mkono. Kila mmoja wetu ana uani wake. Jiulize ulisimama wapi, na ulimshukuru nani.

Jambo la mwisho lililothibitishwa ni hili.

Ijumaa, tarehe 6 Machi 1959, saa nne asubuhi, jeneza la Faradji liliwekwa mbele ya msikiti. Wanaume walipanga safu tatu. Kabla ya sala Mbonigaba alisogea mbele, mikono yake bado ina maji. Alisema: "Tumemuosha Faradji. Mwili yake haina alama ya mukono ya mutu. Amekufa na ugonjwa. Anayetaka kuuliza, aulize." Alingoja. Imamu akapiga takbira ya kwanza.